Jina la marehemu kaka limewaka kijani

*Barua hii imefupishwa kidogo. Jina la mwandishi, la marehemu na la kampuni husika tumeyatoa.*

Shikamoo Bibi,

Mimi ni kijana wa miaka 29, nakaa Tanga, Ngamiani. Nina kibanda cha gemu. Ni chumba kimoja cha kupanga, televisheni nne, mabenchi mawili na feni moja ambayo wateja wanaigombania kuliko wanavyogombania zamu. Si biashara kubwa, lakini dawa za presha za mama zinatoka hapo, na ada ya mdogo wetu wa kike aliyeko chuoni nusu yake inatoka hapo.

Kibanda hiki hakikuanza kwa mtaji wangu. Kaka yangu mkubwa alikuwa Muscat miaka kumi na moja, dereva wa lori la maji. Ndiye aliyenitumia mashine tatu za mwanzo, moja moja, za mtumba, zile za kutumia CD. Miaka mitatu iliyopita alikuja likizo na ya nne, mpya, kaiviringisha ndani ya blanketi kwenye sanduku. Hii haina mdomo wa CD. Gemu zake zinanunuliwa mtandaoni, kwa akaunti, na akaunti ni ya kaka, kwa anwani na kadi ya benki ya Oman.

Aliifungua hapahapa kibandani, akaipanga mashine ya Tanga iwe ndiyo "ya nyumbani" kwenye akaunti yake, ili tucheze gemu zote alizonunua hata yeye akiwa hajaingia. Akaunti moja inakubali mashine moja tu ya namna hiyo. Kule Muscat walikuwa na nyingine ambayo akicheza na mwanawe. Kaka akiingia kwa jina lake wanacheza zote, asipoingia mtoto anabaki na gemu mbili tatu za bure. Kila akipata mshahara alinunua gemu, kisha ananitumia ujumbe: "Wape vijana kitu kipya." Mpaka anafariki zilikuwa zimefika 31.

Alifariki miezi minane iliyopita, ajali ya barabarani. Alizikwa hukohuko. Sikumzika.

Kikao cha ukoo kilimchagua ami yetu kuwa msimamizi wa mirathi, akathibitishwa Mahakama ya Mwanzo. Kikaandikwa kiwanja cha Pongwe, pikipiki, pesa iliyokuwa benki Muscat, na madeni. Mimi nikauliza, na akaunti ya gemu je? Watu wakacheka. Ami akasema, "Michezo haiandikwi kwenye mirathi." Nikanyamaza, na nikwambie kweli Bibi, nilifurahi kunyamaza.

Mwezi uliopita umeme ulikatika ukarudi kwa kishindo. Mashine mpya ikagoma. Fundi akaihangaikia siku mbili, akasema dawa ni kufuta kila kitu. Akafuta. Ikawaka, lakini ikawa kama imetoka dukani leo, inataka akaunti. Nywila ninayo, kaka aliiandika kwenye daftari la hesabu. Nikaingiza, ikasema imetuma namba ya uthibitisho kwenye simu ya mwenye akaunti. Simu hiyo anayo shemeji.

Nilimpigia. Nikamwambia nataka kutoa picha za kaka zilizomo kwenye mashine. Uongo. Picha hazimo. Akanisomea zile namba sita taratibu, akazirudia mara ya pili ili nisikosee, na akaniambia nikizipata nimtumie na yeye.

Mashine ikafunguka. Kwa sababu malipo ya mwaka aliyolipa kaka bado hayajaisha, vitu vyake vikarudi vyote kutoka mtandaoni. Kwenye gemu ya mpira alijitengenezea mchezaji mwenye jina lake, namba nane mgongoni. Kajiongezea urefu, maana kaka alikuwa mfupi kuliko mimi. Nilikaa nikamtazama yule mchezaji anapasha mwili moto, sikubonyeza kitu.

Usiku ule, baada ya Isha, shemeji akapiga. Alikaa kimya kidogo, nasikia anahema tu. Kisha akasema, "Nani anatumia jina la mume wangu?" Kumbe mtoto, ana miaka kumi na moja, alikuwa kwenye mashine yao kwa akaunti yake mwenyewe, akaona kwenye orodha ya marafiki jina la baba yake limewaka kijani. Yuko hewani. Akakimbia jikoni kumwambia mama yake, "Baba anacheza mpira."

Sikujua niseme nini. Nilisema ni hitilafu ya mtandao. Uongo wa pili.

Tangu siku hiyo nimeweka mpangilio wa kutoonekana, na kazi inaendelea. Shemeji anataka nimrudishie akaunti. Hajafafanua ya nini, na mimi nahisi kuna mtu kamwambia gemu zile zina thamani. Nikimrudishia, mashine yangu inakuwa boksi la kuwekea vumbi. Niliiandikia kampuni kwa siri, bila kutaja jina, nikauliza mwenye akaunti akifa inakuwaje. Wakajibu akaunti ni ya mtu mmoja na haihamishwi kwa mwingine. Rafiki yangu anasema wakijua kafariki wataifunga, basi nikae kimya. Fundi naye anasema nimpe mashine aiflashi, yaani aibadilishe programu icheze gemu bila akaunti, nisahau akaunti za watu.

Kinachoniuma ni hiki: kaka alilipa. Pesa ya jasho, kwenye joto la kule. Kampuni yenye mabilioni inawezaje kusema si chetu? Na kama si chetu, mimi ninamwibia nani? Kampuni, au yatima?

Mdogo Mtu, Tanga

---

Marahaba, mwanangu. Pole sana kwa msiba, na pole mara ya pili kwa lile neno ulilolipitisha haraka, "sikumzika." Watu wengi wa pwani wenye ndugu Arabuni wanalijua jambo hilo: maiti inazikwa kesho yake, wewe unasoma hitima huku kwenye mkeka, na mkono wako haukushika udongo. Halafu siku moja mashine inawaka na kaka yako yuko pale, mrefu kuliko alivyokuwa, anapasha mwili moto. Ulivyokaa bila kubonyeza kitu, mimi sioni ajabu.

Niseme nilivyokuelewa, unisahihishe nikikosea. Una mashine inayolisha watu, na uhai wake umefungwa kwenye jina la marehemu. Jina hilo kampuni inasema halirithiwi. Mjane analidai. Mtoto ameliona likiwaka. Na wewe umesema uongo mara mbili, na sidhani ungeniandikia ukurasa mzima kama uongo huo ungekuwa umelala usingizi.

Nianze na kampuni, maana ndiko hasira yako ilikoelekea, na hasira hiyo haiko peke yake duniani. Unasema kaka alinunua. Ni kweli kitufe alichobonyeza kiliandikwa hivyo, lakini alichopewa ni ruhusa ya kucheza, yenye masharti. Jambo hili limewakera watu mpaka California, kwenyewe ambako kampuni nyingi za teknolojia zina makao, ikatungwa sheria iliyoanza kazi Januari 2025: duka la mtandaoni lisimwambie mteja "nunua" bila kumweleza waziwazi kwamba anachopata ni leseni. Sheria haikumpa mteja umiliki. Imemlazimisha muuzaji aseme kweli, basi.

Na swali lako la mirathi limeshaulizwa. Mwaka 2024 mteja mmoja wa Steam, lile duka kubwa la gemu za kompyuta la kampuni ya Valve, aliuliza kama anaweza kumwachia mtu akaunti yake kwa wosia. Jibu lilikuwa kama lako: haihamishiki. Google tangu 2013 inakuruhusu kuteua mtu atakayepata vitu vyako ukitoweka, na Apple iliweka utaratibu wa namna hiyo mwaka 2021. Lakini hata kwa Apple mteuliwa anapata picha, barua na kumbukumbu. Filamu na muziki uliolipia hapati. Mimi nina kaseti arobaini za taarab alizoniachia mama yangu. Nyingine utepe umeliwa, nyingine zinaimba kama kuku mwenye kikohozi. Lakini siku nilipozichukua kabatini kwake hakuna aliyenitumia namba sita.

Ungedhani basi wenye CD wamesalimika. Kuna gemu ya magari iitwayo The Crew, ya kampuni ya Kifaransa Ubisoft, ilianza kuuzwa 2014. Tarehe 31 Machi 2024 seva zake, yaani kompyuta za kampuni zinazoiendesha mtandaoni, zilizimwa, na kwa kuwa gemu haiendi bila seva, hata mwenye CD mkononi akabaki na kisahani cha kuwekea kikombe. Watu walichachamaa, wakaanzisha kampeni, na kufikia Julai 2025 sahihi za Ulaya zilikuwa zimepita milioni moja, wakidai kampuni zisiziue gemu zilizokwisha uzwa.

Kelele husaidia wakati mwingine. Mwaka 2013 Microsoft ilipoitangaza Xbox One, ilikuja na masharti kwamba mashine iripoti mtandaoni kila saa 24 na kuazimana CD kuwe na mipaka. Wachezaji wakapiga mayowe, na mwezi Juni mwaka huohuo masharti yakafutwa kabla mashine haijafika madukani. Lakini angalia ilivyorudi. Mwaka 2020 PlayStation 5 ilitoka kwa sura mbili, moja ina mdomo wa CD na nyingine haina, na isiyo nao ilikuwa nafuu kwa dola 100. Hakuna aliyelazimishwa. Kilichokataliwa kilipokuja kama amri kilipokelewa kilipokuja kama punguzo la bei. Kaka yako alikuwa dereva mwenye familia mbili za kulisha. Mimi ningekuwa yeye ningechukua ya nafuu, tena ningejisifu.

Kuna la ziada ambalo wenzetu wa Ulaya hawalijui kwa sababu haliwahusu. Duka la mtandaoni la PlayStation, kwa mfano, liko rasmi Oman, lakini Tanzania na Kenya halipo. Mei 2024 Sony, kampuni yenye PlayStation, ilipotaka wachezaji wa Helldivers 2 wa kwenye kompyuta wawe na akaunti zake, gemu ile ikaondolewa sokoni katika nchi zaidi ya 170, nyingi za Afrika zikiwemo, kwa kuwa huko akaunti hizo hazifunguki kihalali. Baadaye waliacha lile sharti. Lakini ndiyo hali yetu: sokoni tunaingia kupitia kwa ndugu. Shangazi yuko London, kaka yuko Muscat, binamu yuko Toronto, na sote tunakunywa kwenye kisima chake. Ndugu akiondoka, kisima kimefungwa kwa jina lake.

Kwa hiyo sikwambii hasira yako haina msingi. Ninachokuuliza ni hiki: je, hasira hiyo haijawa mahali pa kujificha? Barua yako inamalizia na kampuni yenye mabilioni. Lakini mtu aliyekupigia usiku si kampuni. Ukiwapambanisha wewe na kampuni, wewe ni mnyonge na haki iko kwako. Ukiwapambanisha wewe na mtoto wa miaka kumi na moja, mambo yanabadilika, na nadhani unalijua hilo, kwa sababu umeliweka neno "yatima" mwishoni kabisa mwa barua.

Rudi kwenye kile ulichosema kuhusu mashine "ya nyumbani." Umekiandika kama maelezo ya ufundi. Maana yake ni kwamba kaka yako alipopanga gemu zake zifunguke Tanga, mwanawe alizipata pale tu baba alipokuwa amekaa naye. Alipokufa baba, gemu zikabaki kwako na mtoto akabaki na zile mbili tatu za bure. Simlaumu marehemu. Alipanga hivyo akijua yupo. Lakini huenda mtoto yule amepoteza baba na michezo waliyocheza pamoja siku moja, na hakuna aliyemweleza kwa nini.

Unahisi shemeji ameambiwa gemu zina thamani. Inawezekana, watu ni watu. Lakini nimeyasoma maneno yake uliyoyanukuu, mara mbili, na hakusema "nani anatumia gemu." Alisema "jina." Ametoka eda si zamani, simu ya mumewe bado anaichaji, ndiyo maana ile namba ilimfikia, na akakusomea mara mbili usikosee. Kisha akaomba picha. Mwanamke anayewinda thamani sidhani angeanza kwa picha.

Kuhusu mirathi mimi si shekhe, na nakuomba umwone anayejua. Ila ujue utakachoambiwa kisikushtue: kwa sheria ya Kiislamu, marehemu akiacha mtoto wa kiume, ndugu hana fungu. Mama yenu anayo sudusi yake, yaani moja ya sita, mjane thumni, yaani moja ya nane, na kinachobaki ni cha watoto. Upande wako kuna hoja ya hiba, yaani zawadi aliyokupa akiwa hai. Mashine alikuletea kwa mkono wake, ukaipokea, ukaifanyia kazi miaka mitatu na yeye akiona. Hiyo ina nguvu. Lakini akaunti hakukukabidhi. Alikuazima tunda lake huku mti ukiwa shambani kwake. "Wape vijana kitu kipya" ni hiba, au ni ukarimu wa mwezi kwa mwezi? Hilo ndilo la kumuuliza shekhe, na ami yako awepo, maana kucheka kikaoni si hukumu.

Sasa njia zilizo mbele yako. Sitakuchagulia.

Unaweza kuendelea kimya. Wengi wangefanya hivyo, na huenda ikapita mwaka bila tatizo. Lakini fikiria unategemea nini. Umeme ukipiga tena, fundi akifuta tena, namba sita zitakwenda Muscat tena. Utasema ni picha mara ya pili? Na ile laini ya Oman isipotiwa salio inaweza kufungwa na kupewa mtu mwingine, na hapo akaunti imepotea kwako, kwa mjane, kwa mtoto, kwa wote. Na lile jina ulilolificha lisiwake, mtoto haoni lakini wewe unaona.

Unaweza kuiambia kampuni ukweli wote. Mimi napenda ukweli, lakini hapa niwe muwazi. Kwa jibu walilokupa, hakuna dalili ya kwamba watakuhamishia. Na kwa kawaida masharti ya maduka haya ni ya matumizi ya nyumbani tu, si ya kibanda cha kulipisha. Hata kaka angekuwa hai, kibanda chenu kiko nje ya yale aliyoyakubali pale alipobonyeza. Kuandika barua ndefu ya uaminifu kunaweza kuifunga akaunti kabla mtoto hajapata chochote. Kama familia itaamua kuiandikia kampuni, basi aandike mwenye haki, yaani mjane au msimamizi wa mirathi, akijua anachohatarisha. Si wewe peke yako, kwa siri.

Ya fundi sitaikalia sana. Mashine iliyoflashiwa inaweza kufungiwa isiingie mtandaoni tena, na Tanzania ina sheria ya hakimiliki tangu 1999. Zaidi ya hapo, haikutatulii la shemeji. Utakuwa na gemu na bado una uongo mbili.

Halafu kuna kurudisha. Hapa ndipo hofu yako ilipo: mashine itakuwa boksi la vumbi. Nikuulize kama mfanyabiashara. Katika gemu 31, wateja wako wanacheza ngapi? Nina mjukuu asiyetoka kwenye vibanda hivi, na kila nikienda kumkokota nakuta kitu kilekile kwenye kila kioo: mpira, na wakichoka, ngumi. Chukua daftari, lilelile lenye mwandiko wa kaka, na kwa wiki mbili andika kila anayelipa amecheza nini. Sitashangaa ukikuta gemu moja ndiyo inayolipa dawa za mama, na zile 30 ni kumbukumbu ya mishahara ya kaka yako. Ikiwa hivyo, hoja yako imepungua kutoka 31 hadi moja au mbili, na hizo mtu anaweza kuzichangia taratibu kwa akaunti yake mwenyewe, au kuiuza mashine ile na kutafuta ya mtumba yenye mdomo wa CD. Utaumia miezi kadhaa. Na ya mpira nayo ina mzigo wake, maana kila mwaka hutoka mpya na vijana hawataki ya mwaka jana. Tangu EA, watengenezaji wa gemu hiyo, waachane na jina la FIFA mwaka 2023 hata jina limebadilika, lakini mtindo wa kutoa pesa mfukoni haujabadilika.

Kati ya kurudisha yote na kushika yote kuna mapatano, na mapatano yanahitaji ukweli utangulie. Labda shemeji atasema endelea mpaka mwisho wa mwaka aliolipia kaka, kisha mashine ya nyumbani ihamie Muscat. Labda atataka kiasi kidogo kila mwezi kwa ajili ya mtoto. Labda atasema gemu chukua, mimi nataka jina hilo lisiwake tena. Labda atakasirika sana na hutaambulia kitu. Hilo la mwisho lipo, sikufichi. Lakini hayo matatu ya mwanzo hayawezi kutokea maadamu anaamini ni hitilafu ya mtandao.

Kitu kimoja fanya mapema, njia yoyote utakayofuata. Ule mwaka wa malipo ukiisha, usitegemee kwamba vitu vya kaka vilivyoko mtandaoni vitakaa milele. Chagua asubuhi kabla hujafungua kibanda. Washa, mtafute yule mchezaji wa namba nane, na umrekodi kwa simu: jina lake, mechi zake, magoli, anavyopasha mwili moto, na huo urefu wa kujiongezea. Uliahidi picha. Hazikuwepo siku ile, lakini hizi zipo, na sidhani kuna aliye nazo duniani isipokuwa wewe. Usizitumie kama rushwa ya kulainisha mazungumzo. Zitume baada ya kusema ulichofanya.

Na mtoto. Kwake wewe ni baba mdogo, na sidhani mama yake anaweza kumweleza la ile taa ya kijani, kwa sababu yeye mwenyewe hajui. Wewe unajua. Mtoto wa miaka kumi na moja anaelewa "nilikuwa mimi, niliingia kwa jina la baba yako, samahani" kuliko anavyoelewa hitilafu. Huenda baada ya hapo mkacheza naye mpira, wewe Tanga yeye Muscat, kila mtu kwa jina lake. Mruhusu akufunge mabao.

Umeuliza unamwibia nani. Sijui kama kuiba ndilo neno. Naona umeshika kitu ambacho hukupewa wala hukunyimwa, na wa kuliamua hilo lililoachwa wazi si mimi. Ukimpigia shemeji, mpigie mchana, mtoto akiwa shuleni, na usisahau kwamba wao wako mbele yetu kwa saa moja.